Nani Alilipia Kungoja Kwangu

Kwa kumbukumbu za kompyuta, nilifanya kazi miezi 15. Kwa slipu za mshahara nilizozihifadhi ndani ya bahasha ya kaki, nilifanya kazi miezi 23. Kati ya hesabu hizo mbili pana miezi minane, na kwa sababu ya miezi hiyo minane nilikaa nyumbani kwetu, Kisima Majongoo, kutoka Agosti 2023 mpaka Aprili 2024, nikingoja pesa ambayo sheria inasema ni haki yangu.

Nilikuwa karani wa nyaraka katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Mwisho wa Julai tuliitwa watu tisa, tukakabidhiwa barua za kupunguzwa kazi, tukaambiwa biashara imekuwa ngumu. Hilo sikubishana nalo. Mizigo ilikuwa imepungua kweli, na sisi tuliokuwa tukijaza nyaraka ndio tuliokuwa wa kwanza kuona. Nilirudi Unguja kwa boti ya mchana nikiwa na begi mbili, godoro nimemwachia mwenzangu wa chumba, na moyoni sina wasiwasi mkubwa. Nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba lipo fao la upotevu wa ajira.

Fao hilo lililetwa na Sheria Namba 2 ya mwaka 2018, ile iliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma Tanzania Bara kuwa PSSSF na kuiachia NSSF sekta binafsi. Kabla yake watu walizoea fao la kujitoa: ukitoka kazini, unachukua michango yako, unafungulia genge au unanunua bodaboda. Mwaka 2012 fao la kujitoa liliwahi kufutwa, na wafanyakazi, hasa wa migodini, walipiga kelele mpaka Serikali ikarudi nyuma. Sheria ya 2018 ikaja na njia nyingine. Aliyepoteza kazi bila ya hiari yake, aliye chini ya miaka 55, aliyechangia si chini ya miezi 18, atalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 640,000. Asilimia 33.3 yake ni 213,120. Nyumba nzima ya kwetu ilikuwa ikila kwa pungufu ya hizo.

Siku nilipopeleka fomu ya madai, ofisa wa dirishani, dada wa makamo yangu, alinigeuzia skrini yake nione mwenyewe.

"Dada, mwajiri wako ameleta miezi kumi na tano tu. Kutoka Desemba hakuna kitu."

Nikamtolea slipu. Kila mwezi, kuanzia Septemba 2021 mpaka Julai 2023, pana mstari mmoja ulioandikwa makato, na mbele yake 64,000. Akazitazama moja moja, bila haraka, kisha akaniambia neno ambalo nimelifikiria sana tokea siku ile: "Hizi zinaonesha kwamba umekatwa. Hazioneshi kwamba zimefika."

Mara nane 64,000 ni 512,000, pesa yangu iliyotoka kwenye mshahara wangu. Mwajiri naye alitakiwa aongeze kiasi kama hicho. Shilingi 1,024,000 zilikuwa zimesimama mahali fulani kati ya mkono wa mhasibu wetu na akaunti yangu, na kwa kuwa hazikufika, nilipungukiwa na miezi mitatu ili nihesabiwe kuwa mtu aliyepoteza kazi.

*

Watu wa nje hudhani kisiwa kimoja, nchi moja, utaratibu mmoja. Hifadhi ya jamii haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na Bara ina ya kwake. Mimi michango yangu ilikatwa Bara, kwa hiyo madai yangu yalikuwa ya Bara, na mwili wangu ulikuwa huku. Jina la Ng'ambo lilitokana na kutazamwa kutoka Mji Mkongwe: sisi tuliokaa upande wa pili wa mkono wa bahari. Mkono ule umeshafukiwa, daraja limebaki ndani ya jina la Darajani, na watu huvuka kwa miguu bila ya kujua kwamba wanavuka. Mwaka ule nilijifunza kwamba bado kuna ng'ambo nyingine, ya saa mbili kwa boti, na nauli ya kwenda na kurudi haipungui 50,000.

Nauli ya safari yangu ya kwanza alinipa bibi.

Bibi yangu ana miaka 78. Hakuwahi kuajiriwa na mtu. Alisuka ukili, aliuza mikeka, alilea watoto wake na wa wenzake. Kila mwezi anapokea Pensheni Jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mkaazi wa Zanzibar aliyefika miaka 70, na Zanzibar ikawatangulia majirani zake wa Afrika Mashariki kwa kulipa pensheni ya wazee wote kutoka kwenye bajeti yake yenyewe. Ilianza kwa 20,000, baadaye ikafika 50,000. Hakuna anayemuuliza bibi alichangia miezi mingapi. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni umri wake na makaazi yake, na hayo mawili anayo yeye mwenyewe, hayamo mfukoni mwa mtu mwengine.

"Wewe uliyesoma, ukakatwa, hupati," aliniambia huku akifungua fundo la kanga. "Mimi niliyesuka ukili napata. Hebu nifahamishe, mjukuu wangu."

Nilijaribu kumfahamisha. Nilimwambia kwamba pensheni yake ni ya mkaazi, na fao langu ni la mchangiaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanihesabia noti tano za elfu kumi. Pensheni ya mwezi mzima ya mtu mzima ikaenda kwenye tiketi.

*

Miongoni mwa karatasi nilizohitaji ni uthibitisho kwamba bado sijapata kazi. Nikaenda kwa sheha wetu asubuhi, nikamkuta barazani na muhuri wake ndani ya kikopo cha maziwa.

"Shikamoo, sheha."

"Marahaba, mwanangu. Una shida gani?"

Nikamweleza. Akavua miwani.

"Barua ya mtu aliyekufa ninayo. Ya aliyezaliwa ninayo, ya anayehama ninayo. Ya mtu asiyekuwa na kazi, hiyo sijawahi kuandika. Nikianza, nitaiandikia shehia nzima."

Aliandika hata hivyo, kwa mkono, akinisomea kila sentensi: kwamba ananijua, kwamba nakaa kwa mama yangu, kwamba sina ajira rasmi. Kwenye neno rasmi alisita. Akanitazama, nami nikamtazama, na sote wawili tukageuka kuangalia njia iliyokuwa ikipitisha watu: kijana wa juisi ya miwa na gari lake la mkono, mwanamke na beseni la sambusa, fundi baiskeli, wabeba mizigo wa Darajani. Nyuma yao yamesimama majumba marefu ya Michenzani tunayoyaita treni. Wote hao wanafanya kazi kutoka alfajiri. Hakuna hata mmoja ambaye sheria ya 2018, hata ingekuwa yetu, ingemuona akiipoteza. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952, namba 102, unataja matawi tisa ya hifadhi ya jamii, na kukosa kazi ni mojawapo. Lakini ili ukose kazi kwa mujibu wa karatasi, sharti kwanza uwe umeandikwa kwamba unayo.

Mimi nilikuwa nimeandikwa, tena vizuri, mpaka Novemba 2022.

*

Nataka niseme jambo ambalo fomu ya madai haina nafasi yake. Kungoja kunagharimu, na anayegharimia si lazima awe yule anayengoja.

Nilipokuwa kazini nilikuwa nikimpelekea mama 100,000 kila mwezi. Mama anapika mikate ya kumimina, anaiuza asubuhi. Faida yake inatosha kununua unga wa kesho na mboga ya leo. Ile 100,000 ndiyo iliyokuwa mchele, umeme na twisheni ya mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha nne. Ilipokatika, hatukulala na njaa. Lipo duka la Mpemba pembeni mwa nyumba, na ndani ya duka lipo daftari la kurasa mia mbili lenye jalada la kijani. Mama alikuwa na ukurasa wake zamani, wa madeni madogo ya wiki. Kuanzia Agosti akafunguliwa wa pili. Mchele wa mapembe kilo tano. Mafuta nusu lita. Sabuni. Mwenye duka hakuniuliza lini. Aliniuliza tu, siku moja, kwa sauti ya chini asisikie mtu: "Hizo pesa zenu za Bara, ni za hakika?" Nikamjibu ni za hakika. Akaandika.

Vuli ya mwaka ule ilikuja na El Niño. Bati za chumba cha nyuma zilikuwa mbovu tokea mwaka wa kabla, na mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi kuzibadilisha. Mvua ya Oktoba ilipoanza tulimhamisha bibi na kitanda chake ukumbini. Mama yumo kwenye upatu wa wanawake kumi na wawili, kila mmoja 30,000 kwa mwezi, na anayepokea anachukua 360,000. Upatu ulianza Agosti. Zamu ya mama ilikuwa ya kumi, Mei. Zamu ya tatu, ya Oktoba, ilikuwa ya jirani yetu, mshoni, ambaye watoto wote wa mtaa tunamwita Bi Fundi.

Mama alikwenda kwake usiku baada ya sala ya isha. Nilimsindikiza, nikabaki mlangoni.

"Shoga yangu, nimekuja na uso mkavu."

"Karibu. Sema."

"Nipe zamu yako. Mei uchukue yangu. Mwanangu pesa zake zinatoka wakati wowote."

Bi Fundi alikaa kimya kidogo. Alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, na alikuwa ameshazungumza na mtu wa Mlandege juu ya mashine ya kupiga ovaloki. Aliitaka kabla ya Ramadhani. Kwetu mshoni hula mwaka mzima kwa kazi ya mwezi mmoja: nguo za Idi. Nguo isiyopigwa ovaloki, watu wanaipeleka kwa mwengine.

"Chukua," akasema. "Mtu mzima hawezi kulala kwenye maji."

Bati zikanunuliwa, bibi akarudi chumbani kwake. Nami nikaielewa njia iliyopita pesa ile. Mwajiri mmoja Dar es Salaam, pengine alipobanwa na deni lake mwenyewe, aliona kwamba michango ya wafanyakazi ndiyo pesa iliyo rahisi kuizuia, kwa sababu mwenyewe haioni ikikosekana. Akatuzuilia sisi tisa. Mimi nikamzuilia mama. Mama akamzuilia Mpemba na Bi Fundi. Na Bi Fundi hakuwa na wa kumzuilia isipokuwa wateja wake, na wateja hawakungoja.

Ramadhani ilianza Machi 2024. Wanawake walikuja na vitambaa, wakauliza kama ovaloki ipo, wakaondoka. Waliobaki walikuwa wale waliokubali pindo la mkono. Kwa hivyo kila usiku, baada ya tarawehe, nilikaa kwenye mkeka wa Bi Fundi nikipiga pindo kwa sindano mpaka karibu na daku. Hakuniomba, wala hakunilipa, wala mimi sikutaka. Vidole vilikufa ganzi. Ndani ya faili langu, upande wa pili wa bahari, palikuwa na barua ya sheha yenye muhuri inayosema kwamba sina kazi.

*

Peke yangu nilikwenda dirishani mara mbili, na mara zote jibu lilikuwa lile lile, lililotolewa kwa adabu: mwenye kudaiwa michango ni mwajiri, na mwenye kumdai kisheria ni Mfuko. Mfanyakazi, ambaye pesa ni yake, yumo ndani ya habari kama shahidi.

Basi tukaamua kuwa mashahidi wengi. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la ofisini ambalo baada ya kupunguzwa kazi lilikuwa limegeuka la dua za Ijumaa na picha za watoto. Novemba niliandika humo: kila mmoja aombe taarifa yake ya michango, apige picha slipu zake, anitumie. Mwengine alikuwa amerudi Tanga, mwengine Lindi, mmoja alikuwa anaendesha bajaji Mbagala. Zilinichukua wiki tatu kuzikusanya. Nilizipanga kama nilivyokuwa nikipanga nyaraka za mizigo: jina, mwezi, kilichokatwa, kilichofika, tofauti. Watu tisa, na kila mmoja miezi ile ile minane. Lilipokaa kwenye jedwali moja halikuwa tena lalamiko la karani mmoja aliyekasirika.

Niliifanya kazi ile kwenye meza ya mama ya kukatia mikate, na mara kwa mara nikawaza juu ya watu waliokaa mitaa hii kabla yetu. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea nyumba zao. Wengi wao hawakuwa na hati yoyote mkononi. Nyumba zilikuwa zao, ardhi iliandikwa kwa wengine. Kilichowatia nguvu ni kwamba hawakukataa mmoja mmoja. Sijifananishi nao. Sisi hatukugoma chochote, tulituma jedwali. Ila nilifahamu kwa nini mtu anayedaiwa hupenda sana kukujibu peke yako.

Jedwali lilikwenda na barua moja yenye saini tisa. Januari tuliarifiwa kwamba mkaguzi amekwenda ofisini kwa mwajiri. Februari mwajiri, ambaye kwa miezi sita hakuwahi kupokea simu ya yeyote kati yetu, alimpigia yule wa bajaji akamwambia hakukuwa na haja ya kufika huko. Akakubali kulipa kwa awamu. Mwisho wa Machi niliangalia taarifa yangu usiku, baina ya pindo moja na jengine, kwa mwanga wa simu. Desemba, Januari na Februari zilikuwa zimeingia. 15 na 3 ni 18.

Nilimwonesha Bi Fundi. Akaniuliza 18 ni nini. Nikamwambia ndiyo namba inayonifanya niwe nimepoteza kazi. Akasema alhamdulillahi, kisha akanirudishia gauni: pindo la kushoto limepinda, nilifumue.

*

Malipo ya kwanza yaliingia baada ya Idi, shilingi 213,120, bila kupungua. Ukurasa wa mama kwa Mpemba ulikuwa umefika 412,500. Nilimpelekea 150,000, akaandika, akapiga mstari, hakusema neno la zaidi. Bibi nilimrudishia 50,000 zake, akakataa, nikaziweka chini ya mto. Iliyobaki ikawa mchele.

Bi Fundi alipokea upatu wake Mei, shilingi 360,000 kamili, kama mama alivyoahidi. Alinunua ovaloki yake, imekaa dirishani, imefunikwa kitambaa. Kwa hesabu ya upatu hakuna anayemdai mwenziwe. Hesabu ya Idi iliyompita haikuandikwa popote. Mfuko hauwezi kuilipa, kwa kuwa hakuwa mwanachama, mwajiri wangu hamjui, na yeye mwenyewe, nilipomtajia, alinikata kauli, "Hayo yameshapita, nipe mkasi."

Miezi mitano, kutoka Machi mpaka Julai 2023, bado haijafika. Kwa fao la sasa haina maana tena, maana nilishavuka mstari. Ina maana kwa mwanamke mmoja wa miaka sitini ambaye In shaa Allah nitakuwa yeye, atakayekwenda kudai pensheni na kuambiwa kwamba kwa miezi mitano ya ujana wake hakuwa akifanya kazi. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi naangalia taarifa, nawakumbusha wenzangu wanane waangalie za kwao, na jedwali naliweka sawa. Mdogo wangu amepata kazi ya majaribio katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Siku aliyoleta slipu yake ya kwanza nyumbani, mama alitazama mshahara. Mimi nilitazama mstari wa makato, nikamwambia aende akaulize kama zimefika.